Kitabu cha kumaliza chuo: ni nani atakayeandika habari za mpaka wetu?

Kila msimu wa mahafali unapokaribia, mazungumzo katika nyumba nyingi za hapa Rubavu, kule Rusizi na hata Rusumo huwa ni mamoja. Mzazi anauliza, "Kitabu umekimaliza?" Mwanafunzi anajibu kwamba bado kidogo, msimamizi amekirudisha tena. Mzazi anatikisa kichwa, anahesabu karo aliyokwisha kulipa kwa fedha za nyanya, vitunguu na vitenge, na anajiuliza ni kitabu gani hicho kisichokwisha.

Kitabu kinachozungumzwa ni tasnifu, ambayo waliosoma zamani kwa Kifaransa huiita memwari, na ambayo majirani zetu wa Goma na Bukavu waliizoea kwa jina la TFC katika ngazi ya kwanza ya chuo kikuu. Wengi huiona kama mzigo wa mwisho wa kuvusha kabla ya kupata shahada: ukishapita, umepita. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo ni wa hasara, na kwamba hasara yenyewe haiwapati wanafunzi peke yao. Inawapata pia wale wanaoamka alfajiri kuwahi foleni ya mpakani.

Karatasi ina nguvu mpakani

Mwaka 2010 Benki ya Dunia ilifanya uchunguzi katika vivuko vya kati ya Congo na nchi jirani za Burundi, Rwanda na Uganda. Waliohojiwa walikuwa wafanyabiashara wadogo, wengi wao wanawake wanaovuka na mizigo kichwani na mgongoni. Walieleza fedha zinazodaiwa bila risiti, mizigo inayochukuliwa, matusi na bughudha. Kwa msomaji wa hapa mpakani hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa jipya. Maneno hayo yalikuwa yakisemwa kwenye foleni kila siku.

Jipya ni kwamba safari hii yaliandikwa kwa utaratibu. Waliohojiwa walihesabiwa, vivuko vikatajwa, na kila dai likawekewa uzito wake. Manung'uniko ya foleni yakageuka kuwa hoja ya mezani. Mwaka 2015 Benki hiyo iliidhinisha mradi wa kurahisisha biashara katika Maziwa Makuu, unaozihusu Congo, Rwanda na Uganda, ambao miongoni mwa shabaha zake ni kuboresha vivuko na namna wafanyabiashara wadogo wanavyotendewa na maofisa. Hatusemi kwamba tangu hapo mambo yote ni shwari. Tunachosema ni kwamba lisiloandikwa haliingii katika bajeti ya mtu yeyote.

Wenzetu wa Uganda waliliona hilo mapema. Idara yao ya takwimu, ikishirikiana na Benki Kuu ya nchi hiyo, ilianza katika miaka ya 2000 kuweka watu mpakani wanaotazama baiskeli, vikapu na magunia yanayovuka bila kuandikishwa forodhani, na kukadiria uzito na thamani kwa macho. Kwa njia hiyo, biashara ambayo zamani haikuonekana kabisa katika vitabu vya serikali ikapata nafasi yake.

Swali la kujiuliza ni hili: ni nani anayeandika habari za mpaka wetu? Mara nyingi ni mgeni. Anafika na mkalimani, anauliza maswali kwa siku chache, anaondoka, na ripoti inatoka kwa Kiingereza au Kifaransa katika mji wa mbali. Mama aliyeacha ndoo yake ya maharage kwa nusu saa ili ahojiwe haioni kamwe. Wakati huohuo, watoto wa mama huyo na wa wenzake wako vyuoni, na wengi wanachagua kuandika kuhusu biashara hiyohiyo ya mpakani. Wanayo lugha na wanawajua watu. Kwa nini basi vitabu vyao vinalala rafuni?

Safari ya lugha

Sehemu ya jibu iko katika historia ambayo wasomaji wetu waliorejea nyumbani wanaijua kuliko mtu yeyote. Waliorudi baada ya mwaka 1994 kutoka Uganda walikuja na Kiingereza, waliotoka Zaire na Burundi walikuja na Kifaransa na Kiswahili, na waliotoka Tanzania walikuja na Kiswahili cha shuleni kabisa, cha kusomea hesabu na jiografia. Kila mmoja alileta daftari lake na lugha yake.

Ikumbukwe kwamba Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwezi Oktoba 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa kufundishia madarasa matatu ya mwanzo, na Desemba 2019 ukatangazwa uamuzi wa kuanza na Kiingereza tangu darasa la kwanza. Katikati ya mabadiliko hayo vyuo vikuu vya serikali viliunganishwa mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Kiswahili nacho kikapewa hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017.

Tumchukulie mfano wa binti mmoja. Hatumpi jina kwa sababu si mmoja, wako wengi. Alizaliwa Karagwe, akasoma huko hadi darasa la tatu kwa Kiswahili. Mwaka 2013, wakati maelfu ya watu walipoondolewa mkoani Kagera, alivuka Rusumo na wazazi wake wakiwa na godoro na masufuria. Alikaa darasani Rwanda akisikia Kinyarwanda cha uwanjani na Kiingereza cha ubaoni, vyote viwili vikiwa vigeni kwake. Mama yake alipata pa kuanzia katika biashara ndogondogo hapa Rubavu. Leo binti huyo yuko mwaka wa mwisho wa chuo, na anatakiwa kuandika kurasa nyingi za Kiingereza cha kitaaluma.

Ni rahisi kusema kwamba tatizo lake ni Kiingereza. Walimu wengi husema hivyo, na yeye mwenyewe huamini hivyo. Hata hivyo, ukiitazama rasimu yake ya kwanza utaona kwamba sarufi ni tatizo la pili. La kwanza ni kwamba rasimu hiyo haina swali.

Kutoka mada hadi swali

Kichwa cha rasimu ya kwanza karibu kila mara huwa kitu kama hiki: "Mchango wa biashara ya mipakani katika maendeleo ya nchi". Kinapendeza kusomwa, lakini hakuna binadamu anayeweza kukijibu kwa miezi minne na nauli ya basi. Msimamizi makini anachukua kalamu nyekundu na kuandika pembeni: Maendeleo ya nani? Mpaka upi? Mwaka gani? Na chini ya sentensi inayosema kwamba biashara hiyo "imeinua sana maisha ya wanawake", anaandika neno moja tu: Umejuaje?

Mwanafunzi hukasirika. Anadhani anaonewa. Lakini akirudi nyumbani na kumsikiliza mama yake, atagundua kwamba swali hilo si la wazungu wala la maprofesa. Mfanyabiashara anayesikia kwamba bei ya nyanya imepanda katika soko la Virunga mjini Goma hapakii mzigo kwa neno la mpita njia. Anauliza: nani amesema? Ametoka huko lini? Aliona mwenyewe au aliambiwa? Alikuwa na sababu ya kunidanganya? Hayo ndiyo maswali ambayo mtafiti huyauliza kila karatasi inayopita mikononi mwake.

Hapo ndipo ukuaji unapoanza. Binti anaacha maendeleo ya nchi na kuuliza jambo dogo: wanawake wanaovusha nyanya katika kivuko cha Petite Barrière, mzigo unaowaharibikia kabla ya kuuzwa unaharibika wapi hasa? Shambani, njiani, kwenye foleni au sokoni? Swali hilo ni dogo kama kikapu, lakini lina jibu, na jibu lake linaweza kumfaa mtu.

Kusoma na tarehe

Hatua inayofuata ni kusoma walioandika kabla yake. Hapa wengi huteleza. Wanachukua sentensi kutoka ripoti hii na ile, wanazishona pamoja, na kuliita shono hilo sura ya pili. Hawaangalii tarehe.

Mpakani kwetu tarehe ni kila kitu. Agosti 2019 hofu ya Ebola mjini Goma ilivuruga uvukaji. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa sababu ya Korona. Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka na watu wakamiminika upande huu. Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23. Kule kaskazini, Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwisho wa Januari 2022. Idadi ya watu waliovuka kwa siku iliyoandikwa kabla ya matukio hayo ni kweli ya wakati wake. Mwanafunzi anayeinakili kana kwamba ni ya leo anafanana na mtu anayenunua mzigo kwa bei ya mwaka juzi.

Anayekua huandika hivi: fulani, mwaka fulani, alihesabu mahali fulani kwa njia fulani, na mimi natofautiana naye kwa sababu hii. Kumtaja aliyesema kabla yako ni sawa na kuandika jina la mdai wako katika daftari. Usipomwandika umemwibia, hata kama hakuna aliyekuona.

Kuuliza ni kazi

Kisha binti anaandaa hojaji. Anaiandika kwa Kiingereza, kama chuo kinavyotaka, na kuitafsiri mwenyewe akiwa amesimama kwenye foleni. Swali la kwanza linauliza kama mhojiwa anafanya biashara isiyo rasmi. Kila mama anajibu hapana. Mwanafunzi anashangaa, maana wote wamebeba vikapu.

Hakuna la kushangaza. Katika sikio la mama, biashara isiyo rasmi ni magendo, na hakuna mtu mwenye akili atakayejitangaza kwa msichana aliyeshika karatasi mita chache kutoka kwa askari. Swali la pili linauliza faida ya mwezi. Mama hahesabu kwa mwezi. Anahesabu kwa mzigo na kwa siku, na kabla ya kuitaja faida amekwisha toa chakula, ada ya mtoto na deni la aliyempa mali kauli. Atajibu, "Napata tu chakula", na mwanafunzi ataandika sifuri.

Mgeni anaweza kuondoka na sifuri hiyo na kuichapisha. Binti wa mpakani hana kisingizio. Akiketi chini na kuyaandika maswali yake upya kwa Kiswahili cha foleni, atauliza: Leo umebeba debe ngapi? Umenunua kwa nani, kwa bei gani? Jana zilibaki ngapi? Zilizobaki ulizifanyaje? Atajifunza kutouliza mbele ya ofisa, kutotaja majina, na kuomba ruhusa kabla ya kufungua daftari. Atajifunza pia kurudi siku ya pili na ya tatu, kwa maana siku ya soko haifanani na siku ya mvua.

Hapa ndipo lugha aliyotoka nayo Karagwe, ile aliyodhani imemchelewesha, inageuka kuwa mtaji. Kiingereza kitamsaidia kuandika alichokipata, lakini Kiswahili ndicho kitakachompa cha kuandika.

Jibu asilolitarajia

Mtihani mkubwa zaidi huja mwishoni. Huenda binti aliingia kazini akiamini kwamba nyanya zinaoza kwa sababu ya foleni ndefu, na alitaka kuthibitisha hivyo. Huenda madaftari yakamwonyesha jambo jingine: kwamba mzigo mwingi tayari umepondeka ndani ya gunia kabla haujafika kivukoni, kwa sababu ya vyombo vya kubebea na barabara ya kutoka shambani. Hatujui angekuta nini, na huo ndio ukweli wa utafiti. Asiye tayari kukuta asilolipenda hana haja ya kwenda mpakani, angeandika akiwa kitandani.

Mwanafunzi mchanga, akikuta jibu kama hilo, hulificha. Aliyekua huliandika, na huandika pia mipaka yake: nimewahoji wanawake wachache, katika kivuko kimoja, kwa majuma kadhaa ya msimu mmoja, kwa hiyo siwezi kuwasemea wa Rusizi wala wa Gatuna. Ukilinganisha sentensi hiyo na ile ya "imeinua sana maisha ya wanawake" utaona umbali aliosafiri. Ameacha kusema makubwa asiyoyajua, anasema madogo anayoweza kuyasimamia mbele ya jopo lolote.

Njia za mkato

Ni lazima tuseme wazi kwamba si wote wanaoifunga safari hiyo. Katika miji yenye vyuo wapo watu wanaoandika vitabu vya wengine kwa malipo, na mzazi hutoa fedha akiambiwa ni za kuchapa na kujalidi. Sasa zimeongezeka programu za akili mnemba, ambazo kwa dakika chache hutoa kurasa za Kiingereza safi zenye orodha ya vitabu, vingine vikiwa havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Programu hizo zinaweza kumsaidia mwanafunzi kusahihisha sarufi yake. Haziwezi kusimama Petite Barrière saa kumi na mbili asubuhi na kuhesabu ndoo.

Aliyenunua kitabu huumbuka siku ya utetezi, mwalimu anapouliza tu, "Umejuaje?" Na hata akipita siku hiyo, kazini hatapita. Mashirika, halmashauri na kampuni za mizigo hazihitaji mtu mwenye shahada ukutani. Zinahitaji mtu anayeweza kutumwa sokoni Jumatatu na Ijumaa akaleta karatasi mbili zinazoaminika.

Tukumbuke pia kwamba ushindani si wa nyumbani tu. Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu kwa Afrika Mashariki, ili masomo na shahada zitambulike kutoka nchi hadi nchi, kazi inayoratibiwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala. Congo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Kijana wa Rubavu ataomba kazi pamoja na wa Mbarara, Mwanza na Bukavu. Shahada zao zitafanana kwa jina. Kitakachowatofautisha ni kile ambacho kila mmoja anaweza kukichunguza na kukiandika.

Nini kifanyike

Kwanza, uandishi wa kitaaluma usingojee mwaka wa mwisho. Mwanafunzi aanze mwaka wa kwanza na kurasa mbili: swali moja, watu watano, jibu fupi. Kosa lililosahihishwa mapema ni rahisi. Likingojewa hadi wiki ya utetezi huwa balaa kwa wote.

Pili, vyuo viruhusu na kuhimiza mahojiano na rasimu za awali kwa Kiswahili na Kinyarwanda hata kama kitabu chenyewe kitakuwa kwa Kiingereza. Hili si jambo la ajabu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu zao kwa Kiswahili, na fikra haijawahi kupungua uzito kwa sababu hiyo.

Tatu, kila kitabu kinachohusu mpaka kirudi mpakani. Kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zikisomwa katika mkutano wa ushirika wa akina mama, zingetosha. Wao watamweleza mwandishi alipokosea haraka kuliko jopo lolote. Tena yapo mambo ambayo mwanafunzi anaweza kuwaeleza wao. Kwa mfano, kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kupewa cheti cha asili kilichorahisishwa palepale mpakani. Ni wangapi wanaokijua? Ni wangapi waliwahi kukiomba, na wakajibiwaje? Hilo peke yake ni swali la kitabu kizima.

Nne ni sisi wazazi. Tumezoea kuuliza, "Kitabu umekimaliza?" Tuanze kuuliza, "Swali lako ni lipi?" Kijana akishindwa kulieleza kwa Kiswahili mezani, akiwa na sahani ya ugali mbele yake, basi bado hajalipata, hata kama ameandika kurasa sitini. Na akilieleza, tumfungulie daftari letu la mauzo, pamoja na siku za hasara tusizopenda kuzionyesha. Wageni tumekuwa tukiwajibu miaka yote. Mtoto wetu anastahili majibu ya kweli zaidi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpaka huu una mali nyingi: kilo zinazovuka kila asubuhi, akili ya kupanga bei, ujuzi wa lugha nne katika kinywa kimoja. Daftari lake limeshikwa na wengine kwa muda mrefu. Kijana anayerudishiwa rasimu yake kwa mara ya nne, akakaa tena chini kuisahihisha, anajifunza kulishika. Tusimharakishe.